Serumu (maji ya kutiwa mshipani) iende matone mangapi? Maswali ya wasomaji wa Goma na Bukavu

Daktari ameandika lita 1 kwa saa 8. Nitaweka matone mangapi kwa dakika? (Mwanafunzi wa uuguzi, Katindo, Goma)

Kabla ya kushika kalamu, soma pakiti ya mpira wa serumu, kwani hapo ndipo ilipoandikwa idadi ya matone yanayotimiza mililita 1: mipira ya kawaida hutoa 20, ingawa ipo ya 10 na ya 15, na ile ya matone madogo, itumikayo hasa kwa watoto, hutoa 60. Zidisha mililita kwa idadi hiyo, kisha ugawanye kwa dakika: 1000 mara 20, gawanya kwa 480, utapata matone 42 hivi. Wazoefu hufupisha kwa kugawanya mililita za saa moja, yaani 125, kwa 3. Ufupisho huo ni halali kwa mpira wa 20 peke yake. Kwa mpira wa 60, mililita za saa ndizo matone ya dakika.

Mgonjwa wa kipindupindu mwenye kilo 60 amekaukiwa sana. Nimepata matone 1200 kwa dakika. Nimekosea wapi? (Muuguzi, Kadutu, Bukavu)

Hukukosea popote. Mtu mzima wa namna hiyo hupewa serumu iitwayo Ringer lactate, mililita 100 kwa kila kilo: 30 katika nusu saa ya kwanza, 70 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Hiyo ni mililita 1800, kisha 4200, na kwa kasi hiyo maji hutiririka bila kukatika, hata ukikodoa macho huoni tone. Fungua kibano chote, tumia sindano nene, hata mikono yote miwili ikibidi, nawe uhesabu chupa badala ya matone: katika hatua ya pili mililita 500 ziishe kwa dakika 18 hivi. Bandika plasta kwenye chupa uandike saa ya kuanza, na upime mpigo wa mshipa mara kwa mara. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hupewa vipimo vilevile polepole zaidi, 30 kwa saa 1 na 70 kwa saa 5. Mwenye utapiamlo mkali usimhesabie hivyo kamwe. Ana utaratibu wake, kwa kuwa moyo wake hulemewa upesi.

Lita 1 ya saa 8 niliiwekea matone 42, baada ya saa 3 nakuta mililita 750 bado zimo. Niongeze kasi? (Muuguzi wa zamu ya usiku, Goma)

Kwanza tafuta sababu: mkono uliokunjwa, mpira uliobanwa na godoro, chupa iliyoning'inizwa chini mno, au mahali pa sindano palipovimba, ambapo itakubidi uitoe. Ukimaliza, hesabu upya kilichobaki: 750 kwa saa 5 ni 150 kwa saa, yaani matone 50. Kwa mzee, au mgonjwa wa moyo au wa figo, muulize daktari kabla ya kufidia.

Je, mlinzi wa mgonjwa anaweza kufungua zaidi ili serumu iishe mapema? (Mama, Bagira, Bukavu)

Hapana, mama. Huenda ndani yake mna potasiamu, ambayo ikiingia kwa haraka inaweza kusimamisha moyo. Ukiona matone yamesimama, damu inarudi mpirani au chupa inakaribia kuisha, mwite muuguzi.