Shanga 108, mlima mmoja, na akili isiyotulia

Kila nikigusia kwamba huwa nakaa kimya asubuhi, lazima atokee wa kuniuliza: "Dada, mimi nikifumba macho tu, ada ya watoto inakuja. Nifanyeje?" Mwingine ataongeza kwamba alijaribu wiki nzima, akili haikunyamaza hata dakika, akaona hili si lake, akaacha.

Nadhani neno lenyewe linatuponza. Sisi tunasema kutafakari, na kutafakari kwetu ni kuwaza kwa kina: mtu hutafakari kabla ya kuposa, hutafakari kabla ya kuuza kiwanja. Ukimwambia "kaa utafakari", atatafakari kweli, na kitakachotangulia ni ada. Wengine husema taamuli, wengine tahajudi, ambayo kwa Muislamu ni sala ya usiku. Wahindu wana neno la Kisanskriti, dhyana, lile lile lililosafiri na Wabudha hadi China likaitwa chan, likavuka hadi Japani likawa zen. Walimu wa zamani waliifananisha dhyana na mafuta yanayomiminwa kutoka chombo hiki kwenda kile: mfululizo, hayakatiki, hayapigi kelele.

Mimi sikuijua kwa jina hilo. Niliijua kwa shanga za Ba.

Ba ni bibi yangu mzaa baba. Ndivyo Wagujarati wengi tunavyomwita bibi. Nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ambayo dirisha letu na la jirani yanatazamana kiasi cha kupokezana bakuli la mchuzi. Kila alfajiri Ba alioga, akawasha taa ya samli mbele ya picha ya mungu Krishna, akakaa kwenye busati na mkono wa kulia ndani ya mfuko wa kitambaa unaoitwa gomukhi, yaani mdomo wa ng'ombe. Ndani ya mfuko mna mala, shanga 108 za mti wa tulsi, ndugu yake mrehani. Ushanga unavutwa kwa kidole gumba na cha kati. Kidole cha shahada kinatokezea nje ya mfuko, hakiguswi na kazi hiyo, kwa sababu ndicho tunachonyooshea watu. Dirisha la pili bibi wa jirani alikuwa kwenye mswala, naye wakati wake ukifika alikinyoosha kidole hicho hicho. Huyu anakinyoosha, yule anakificha, na wote wawili wanazungumza na Mungu. Nilikuwa mdogo, nikaona ni jambo la kawaida kabisa.

Nilipofika umri wa kwenda skuli Ba alinipa mala ndogo, nikawa natamka jina la Krishna kwa kila ushanga. Nikifika wa kumi au kumi na tano nimeshapotea, nawaza maembe. Siku moja nikamlilia: "Ba, nimesahau niko wapi." Akanijibu bila kufumbua macho: "Hapo ulipokumbuka ndipo ulipo. Haya, endelea."

Ilinichukua karibu miaka thelathini kujua kwamba alikuwa amenipa somo zima.

Ukubwani nilihamia Dar es Salaam, nikapata kazi ya kuumiza kichwa, mala ikakaa kabatini. Nilipoikumbuka biashara ya utulivu, niliutaka kwa haraka. Nikaangalia video kwenye simu, mtu anafundisha kuvuta na kutoa pumzi kwa kasi, tumbo linapigwa kama ngoma. Nikafanya usiku, nimetoka kula biriani. Kizunguzungu kilinipeleka moja kwa moja kwenye kona ya meza, nikashonwa nyuzi tatu juu ya jicho. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla ya falsafa yoyote: mazoezi makali ya pumzi yana walimu wake wa ana kwa ana. Simu haikuoni ukianguka.

Baada ya hapo ndipo nilipofunga safari ya kwenda Tiruvannamalai, mji wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, ulio kilomita zipatazo 190 kutoka Chennai. Pale pana mlima unaoitwa Arunachala, na chini yake hekalu la mungu Shiva ambalo mnara wake wa mashariki una ghorofa kumi na moja na urefu wa mita 66. Kwa waumini mlima wenyewe ndio Shiva. Alikuja hapo mwaka 1896 kijana wa miaka 16 aitwaye Venkataraman, aliyetoroka nyumbani, na hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1950. Dunia inamjua kama Ramana Maharshi. Wiki chache kabla ya kutoroka, akiwa nyumbani kwa ami yake mjini Madurai, hofu ya kifo ilimvamia ghafla. Hakuita mtu. Alijilaza, akakakamaza mwili kama maiti, akajiuliza: huu mwili ukifa, anayekufa ni nani?

Nitamrudia. Kwanza niwape aibu yangu.

Mahujaji wanauzunguka ule mlima kwa miguu, peku, kilomita kama 14, wakipitia lingamu nane, yaani nguzo fupi za mawe zinazomwakilisha Shiva, moja kwa kila upande wa dunia. Mimi nilianza saa nne asubuhi, mwezi wa Mei. Kwa anayeijua lami ya Mei sihitaji kueleza. Nyayo zilianza kutoa malengelenge kabla sijafika lingamu ya tatu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mtindi mwepesi wenye chumvi na tangawizi alinitazama miguu, akatikisa kichwa, akanionesha mstari mweupe uliopakwa pembezoni mwa barabara: tembea hapa, rangi nyeupe haichomi sana. Hatuna lugha moja, lakini nilielewa. Hata hivyo nikapanda bajaji kabla ya nusu ya njia. Jioni nikawaandikia binamu zangu kwenye kundi la WhatsApp: "Nimeuzunguka mlima!"

Usiku huo nikasimuliwa kisa cha mahali penyewe. Miungu wawili, Brahma na Vishnu, walibishana nani mkubwa. Shiva akatokea kama nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho. Vishnu akajigeuza nguruwe mwitu, akachimba kwenda chini; Brahma akajigeuza bata maji, akaruka juu. Vishnu alirudi akasema ukweli: sikuliona shina. Brahma njiani alikutana na ua la ketaki likianguka, akaliomba liwe shahidi wake kwamba amekifikia kilele. Kwa uongo huo, wanasema, Brahma karibu hana mahekalu, na ua la ketaki halipelekwi kwenye ibada ya Shiva. Nikauliza ketaki ni ua gani, nikaoneshwa picha. Ni jamaa wa mkadi wetu! Huu huu tunaouchanganya na asumini na mrehani kwenye vikuba. Nilitoa simu mfukoni nikaifuta ile meseji. Walikuwa wameshaiona.

Tangu siku ile nina wasiwasi na mtu anayeniambia "nimefika" katika mambo haya, nikianza na mimi mwenyewe. Nguruwe wa Vishnu alirudi mikono mitupu, na ndiye aliyesifiwa.

Sasa Ramana. Waliomwendea na maswali miaka ya mwanzo ya 1900, wakati akiwa kimya, aliwajibu kwa maandishi, na kiini cha majibu ni swali moja: mimi ni nani? Msemaji wa Kiswahili analo tayari mdomoni, hata kama hajui. Tunasema mwili wangu, akili yangu, moyo wangu, roho yangu, hata nafsi yangu. Kila kimoja kimebeba "-angu" mgongoni. Gari langu si mimi, nyumba yangu si mimi. Basi mwenye hizi "-angu" zote ni yupi? Ramana alisema wazo likikujia, usilifukuze wala usilifuate. Uliza: limemjia nani? Limenijia mimi. Mimi nani? Na usijibu "mhasibu" au "mama wa watoto wawili". Swali halitaki jibu la maneno. Linataka ugeuke umtazame muulizaji. Ada ya skuli haijaondoka, ila kwa nukta moja umeacha kuitazama ada, unamtazama anayeijua ada. Jambo hili jaribuni, msiliamini tu.

Huyo anayejua ndiye wanayemwita Atman, na neno hili silitafsiri. Nafsi yetu ina matamanio, "nafsi inataka", kumbe Atman haitaki kitu. Roho yetu inaweza kuwa mbaya au safi, Atman haichafuki. Mandukya Upanishad, maandiko ya kale ya Kihindu yenye aya 12 tu, inaifikia kwa njia nzuri: kuna kuwa macho, kuna kuota, kuna kulala fofofo bila ndoto. Ukiamka unasema "nimelala vizuri, sikujua lolote." Umejuaje kwamba hukujua? Aliyekuwepo wakati hakuna kitu wanamwita turiya, wa nne, ambaye kwa kweli si hali ya nne bali ndiye aliyekuwa ndani ya zote tatu. Aya hizo hizo zinaigawa Om, silabi takatifu ya Wahindu, kuwa a, u, m, kisha ukimya unaofuata. Mimi nikitamka Om sasa nasikiliza zaidi pale inapoishia.

Msidhani Wahindu wote wamekubaliana. Shankara, mwalimu wa kale, alifundisha kwamba Atman na Mungu ni kitu kimoja, wala si viwili. Ramanuja na Madhva, walimu waliokuja baada yake, walimpinga, kila mmoja kwa njia yake. Ba angenizaba kibao ningemwambia yeye ndiye Mungu. Watu wa bhakti, njia ya kumpenda Mungu, wana msemo wao: nataka kula sukari, sitaki kuwa sukari. Mimi siku nyingine niko kwa Ramana, siku nyingine niko kwa Ba, na bado nakaa pale pale kwenye busati.

Kuhusu sanamu, najua wengi mnasita, na sitaki kumvuta mtu. Nitasema tu jinsi moja ilivyonifaa. Kabla ya ndege ya kurudi nilipata saa chache Chennai, nikaingia makumbusho ya serikali, Egmore, mahali panapowekwa sanamu za shaba za enzi za Wachola, wafalme wa kale wa kusini mwa India. Yupo Shiva Nataraja, mcheza ngoma. Mkono mmoja una kingoma, sauti ya kuumba. Mwingine una moto wa kumaliza. Wa tatu umeinuliwa kusema usiogope. Wa nne unaelekeza kwenye mguu ulionyanyuliwa. Hayo yamo katika kila kitabu. Kilichoniganda ni kijitu kilicho chini ya mguu wa pili. Jina lake ni Apasmara, usahaulifu. Hajafa. Amelala kifudifudi, kichwa amekiinua, macho yake mazima kabisa, na mchezaji hajaacha kucheza ili ammalize. Nilisimama pale hadi mlinzi akaja kuona nina nini. Usahaulifu hauuawi, unakanyagwa, na kesho unakanyagwa tena. Arjuna naye, yule mpiganaji anayezungumza na Krishna katika kitabu kitakatifu cha Gita, sura ya 6, analalamika kuwa kuizuia akili ni kama kuuzuia upepo. Krishna hamwambii kwamba amekosea. Anamwambia ni kweli ni vigumu, lakini inawezekana kwa mazoezi na kwa kutong'ang'ania.

Kwa hiyo wewe wa ada: ulifumba macho, ukawaza ada, ukagundua unawaza ada. Hapo pa kugundua ndipo zoezi lilipo. Rudi. Dakika kumi ukirudi mara hamsini, umefanya kazi mara hamsini. Yule aliyeacha baada ya wiki aliacha akiwa anafanya sawasawa.

Kaa kwenye kiti kama magoti hayataki mkeka. Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, alidai tu mkao uwe imara na wa raha. Kaa kabla ya kula. Usisubiri nyumba inyamaze, kwani haitanyamaza. Vespa ikipita, ipite. Shika kitu kimoja: pumzi, mwali wa taa, au jina la Mungu unalolijua wewe tangu utotoni. Muislamu ana nyiradi zake, Mkristo ana sala yake, hakuna haja ya kuazima Om kwa jirani. Na kama una msiba mbichi, au usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, nenda kwanza kwa daktari au kwa mtu wa kuzungumza naye. Mwaka niliofiwa na baba, kila nikifumba macho kilio kilizidi. Niliacha miezi minne, nikawa natembea ufukweni asubuhi tu.

Mlima niliuzunguka wote baadaye, usiku wa mwezi mpevu, kama wanavyofanya wenyeji. Ukienda, anza baada ya magharibi.

Mala ya Ba ninayo mimi sasa. Ilikatika akiwa bado hai, ushanga mmoja ukadondoka dirishani hadi kichochoroni, haukuonekana tena. Bibi wa jirani akachomoa mmoja kwenye tasbihi yake ya msandali iliyochakaa, akaupitisha dirishani. Mjomba alinung'unika, Ba akautunga hivyo hivyo. Ni mnene kidogo kuliko wenzake na unateleza. Kidole kikiufikia, hata kama nimepotelea mbali, najua zimebaki thelathini na mbili.