Lutuku usiimwage kabla sijafika

Katuba, Lubumbashi

Furaha mwanangu,

Ujumbe wako wa kutoka Kolwezi nimeusoma mara tatu. Unauliza kwa nini sikuacha pombe miaka yote ile mama yako aliyokuwa akinisihi. Tena unauliza kama umwamini mumeo, mkwe wangu, aliyeapa mbele ya mchungaji kwamba tangu Jumatatu hagusi tena hata tone.

Nianze na mkwe, maana Jumatatu iko karibu. Kiapo chake nakiamini. Lakini mtu anayeamka mikono ikitetemeka mpaka apate kikombe cha lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, usimwache aache ghafla akiwa nyumbani. Mimi nilijaribu. Siku ya kwanza jasho na kutapika. Ya pili nikaanguka kifafa mlangoni pa jikoni, majirani wakasema nimelogwa. Ya tatu nikaona panya wanapanda ukutani, nikamfukuza mama yako kwa ufagio nikidhani ni mwizi. Wewe ulikuwa shule ya bweni, hatukukwambia.

Daktari alinieleza baadaye. Pombe hukanyaga breki ya ubongo kila siku, na ubongo, ili usizimike, nao unazidi kukanyaga mafuta. Ukiitoa pombe ghafla, breki imeachiwa na mguu bado uko kwenye mafuta. Kutetemeka huanza baada ya saa chache, kifafa mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza, kisha huweza kufuata kule kuchanganyikiwa kwangu, ambako kunaua watu. Hospitalini wanatoa diazepamu, dawa ya kutuliza, na kuipunguza siku kwa siku. Wanachoma pia vitamini B1, kabla ya serumu (dripu) yenye sukari, kwa sababu mnywaji hali chakula, na B1 ikikosekana kumbukumbu inaweza kuharibika isirudi. Mpeleke huko. Mchungaji atamwombea kandokando ya kitanda.

Sasa swali lako la kwanza. Unakumbuka kwamba nilifanya kazi chini ya ardhi. Hukuambiwa kwamba siku moja mwamba uliporomoka na rafiki yangu akafia mikononi mwangu, taa ya kofia yake bado inawaka. Wiki ile ile nilirudi kazini. Usingizi ukakataa. Chupa za bia ya Simba za siku ya mshahara zikawa za kila siku, na mshahara ulipokatika nikahamia lutuku. Ilinilaza, huo ndio ukweli. Ila usingizi wa pombe hukuamsha saa tisa usiku moyo ukidunda, na dawa ya moyo huo ni kikombe kingine. Mama yako akilia nilishikwa na aibu, na dawa ya aibu nayo nilikuwa naijua.

Babu yako pia alikunywa. Shangazi yako anasema ni laana ya ukoo. Wataalamu wanasema karibu nusu ya hatari hii huenda na urithi. Kwa hiyo wewe na kaka zako mkinywa, mjiangalie kuliko wengine.

Kilichonisaidia kilikuja baada ya dawa, kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Sikuhubiriwa. Muuguzi aliniuliza tu: kiu inakuja saa ngapi, na hapo umesimama wapi? Tukagundua ni saa kumi na moja jioni, tumbo tupu, ninapopita kwenye nganda, baa ile karibu na soko la Kenya, muziki ukilia. Basi nikabadilisha njia, na bukari, ugali wetu, nikawa naila mapema. Akanifundisha kwamba kiu hupanda kama wimbi kisha hushuka hata usipoinywea. Nilikuwa nakaa kwenye kiti, naitazama saa ya ukutani. Habari ya mwamba niliitoa kinywani mara ya kwanza pale, mwezi wangu wa pili kituoni.

Nilianguka tena, kwenye matanga ya binamu. Glasi moja tu, kisha nikajiambia: imeshaharibika, nimalize chupa. Wazo lile liliniangusha kuliko glasi yenyewe. Kesho yake nilirudi kituoni, wala hakuna aliyeshangaa. Mkwe wangu akianguka, usihesabu kwamba amerudi mwanzo.

Halafu kuna disulfiramu, kidonge kinachomfanya anayekunywa augue papo hapo. Daktari akimwandikia, anywe mwenyewe akijua. Jirani yetu alimtilia mumewe kwenye mboga kwa siri, mume akanywa pombe, nusura afe.

Napanda basi Jumapili asubuhi. Niwekee godoro sebuleni. Hospitali tutampeleka wote wawili, na lutuku iliyobaki humo ndani usiimwage kabla sijafika.

Papa yako