Modeli ya kutabiri kifafa: asilimia 98 inapima nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninasoma uhandisi hapa Mbeya. Nimefunza modeli ya kompyuta ya kutabiri kifafa kwa rekodi za EEG (umeme wa ubongo) za watoto wa Boston, Marekani, zinazopatikana bure mtandaoni. Nilizikata vipande vya sekunde 5, nikavichanganya, asilimia 80 nikafunzia na 20 nikajaribia. Imepatia asilimia 98. Mdogo wangu yuko Rungwe, huanguka kama mara moja kwa mwezi. Nikimvisha kofia ya elektrodi (vihisi vya umeme wa ubongo), itamtahadharisha?

JIBU: Marahaba. Bado, tafadhali usimvishe ukiitegemea. Kasoro kubwa iko pale ulipovichanganya vipande. Kipande kimoja kimeingia kwenye kufunzia, na jirani yake wa sekunde 5 baadaye kwenye kujaribia. Mtoto ni yuleyule, elektrodi zimekaa vilevile, usingizi ni uleule. Modeli imeonyeshwa mtihani kabla ya kuufanya. Huenda imekariri kipindi cha rekodi tu, wala haijui dalili za kifafa.

Weka pembeni tukio zima la kifafa pamoja na saa zinazolizunguka, funza kwa mengine, jaribu kwa hilo, kisha zungusha hadi kila tukio lijaribiwe. Ukitaka kudai kwamba inamfaa mgonjwa mpya, weka pembeni rekodi zote za mtoto mmoja, ujaribu kwa hizo. Namba itashuka, pengine sana, na hiyo ndiyo ya kuandika kwenye ripoti.

Halafu achana na asilimia ya usahihi. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Tukihesabu nusu saa kabla ya tukio kuwa muda wa hatari, modeli inayosema "salama" mwezi mzima itapatia zaidi ya asilimia 99.9, na mdogo wako ataanguka bila onyo. Ripoti imetabiri matukio mangapi, dakika ngapi kabla, na imepiga kengele ngapi za uongo. Moja kila saa 8 huonekana ndogo kwenye jedwali. Nyumbani kwenu ni 90 kwa mwezi kwa ajili ya tukio moja. Mama ataizima wiki ya kwanza, na atakuwa na haki. Linganisha pia na kengele inayobahatisha kwa kiwango hichohicho.

Watoto wale wa Boston, wagonjwa 22, walikuwa wodini wamesimamishiwa dawa ili wachunguzwe kama upasuaji unawafaa. Mdogo wako anatembea, anatafuna, anapepesa macho, na misuli hiyo hutoa umeme unaoufunika kirahisi ule wa ubongo, ambao ukishavuka fuvu hubaki makumi ya maikrovolti (sehemu za milioni za volti) tu. Chanzo nacho hutofautiana: huku nyanda za juu kusini wapo wengi ambao kifafa chao kimetokana na minyoo tegu wa nguruwe ubongoni, na vifuko vya minyoo hao hukaa popote ubongoni. Hata kifaa cha kutabiri kifafa kilichojaribiwa Melbourne, Australia, kwa wagonjwa 15, matokeo yakatoka 2013, kilikuwa na elektrodi ndani ya fuvu, na bado mafanikio yalipishana sana kati ya mtu na mtu.

Kwa sasa ahakikishe hakosi dozi, asiachwe peke yake karibu na moto wakati wa baridi, na mfungulie daftari: tarehe na saa ya kila tukio, usingizi wa usiku uliotangulia, dozi iliyorukwa, homa, hedhi kama ni msichana. Kwa wagonjwa wengi matukio hufuata mizunguko ya siku au wiki. Daftari la miezi kadhaa litakupa data yake mwenyewe, na kliniki watalihitaji wanapopanga dozi.