Wasomaji wa riwaya yangu wamegawanyika: nimsikilize nani?

SWALI

Shikamoo mama mhariri. Mimi ni kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Nimeandika riwaya ya safari na maajabu. Riziki, kijana wa miaka 19 kutoka upande wa Kondoa, anafuata ng'ombe 12 walioibwa, ambao baba yake alikuwa amewatenga kwa ajili ya mahari yake. Katika sura ya sita analala kwenye pango la Kolo, kule kwenye michoro ya kale ya miambani, na kuamka akiwa msichana. Anaendelea na safari hivyo hivyo, mpaka kurasa mbili za mwisho anaporudi kuwa mwanamume.

Nilichapa nakala 200, nyingi niliuza Nzuguni wakati wa Nane Nane. Sasa maoni yananichanganya. Mwalimu mmoja anasema alirudi nyuma mara tatu kutafuta kama Riziki amebadilika kweli au anaota. Dada mmoja mwanafunzi wa chuo alikasirika: "Ameamka mwanamke, mara anajua kusuka, mara analia ovyo." Mzee mmoja wa mtaani kwetu ananilaumu kwamba nimemdhalilisha shujaa. Rafiki yangu alisoma sura sita usiku mmoja, kisha akachoka. Mwingine anasema kinyume, eti kitabu chenyewe kinaanzia sura ya saba. Na kuhusu mwisho, wanaofurahi na wanaojiona wametapeliwa wanalingana. Kabla ya chapa ya pili nimfuate nani? Na kiufundi nirekebishe nini?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Asante kwa kutuma na kitabu chenyewe. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli. Pale Riziki anapowaita ng'ombe gizani mmoja mmoja kwa rangi zao, niliacha chai yangu ikapoa. Una mkono wa kuandika, na ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Acha kwanza kuhesabu wangapi wamekipenda na wangapi wamekikataa. Warudie hao watu, uwaulize jambo moja tu: ni ukurasa gani ulikufanya usite? Mimi nimefanya hivyo kwa maoni uliyoniletea, nikayaweka pembeni ya kurasa. Ukiacha yale ya mwisho wa kitabu, yote yameangukia kati ya sura ya sita na ya nane. Mwalimu, yule dada, mzee wa mtaani na hao vijana wawili wamejikwaa kwenye jiwe moja, ila kila mmoja ameumia kidole chake.

Jiwe lenyewe limo katika lugha tunayoandikia. Tazama ulivyoandika asubuhi ile ya pangoni: "Riziki aliamka. Alijitazama. Alishangaa. Alichukua fimbo yake, akatoka." Sasa tazama sentensi za jana yake, Riziki akiwa bado kijana wa kiume: "Riziki alifika. Alijinyoosha. Alilala." Kiambishi ni kile kile "a-". Kiswahili hakimtenganishi mwanamume na mwanamke hapo, wala katika "yeye", wala katika "wake". Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza, alipoandika Orlando, riwaya iliyotoka 1928, naye alimlaza mhusika wake mwanamume, akamwamsha mwanamke. Kwa kuwa Kiingereza kina kiwakilishi cha kiume na cha kike, alisimama palepale akamwarifu msomaji kwamba kuanzia hapo atabadilisha. Msomaji wake alikuwa na alama hiyo katika kila mstari hadi mwisho wa kitabu. Wako hana alama hata moja. Ukaongeza na jina Riziki, ambalo kwetu ni la wote, wa kiume na wa kike. Kwa hiyo mwalimu wako hakusoma kwa uzembe. Ulimwambia mara moja, katika nusu ya sentensi, kisha lugha ikafunika.

Usidhani nalaumu Kiswahili. Nakisifu, maana kimekupa kitu ambacho Woolf hakuwa nacho. Kwetu, jinsia ya mtu inasikika midomoni mwa wenzake: namna wanavyomwamkia, wanavyomtania, wanavyomwita kwa udugu. Mabadiliko ya Riziki yanatakiwa yatoke huko. Lakini wewe, kuanzia sura ya sita hadi ya nane, umempitisha porini peke yake. Hakutani na mtu kwa kurasa 31. Umewanyamazisha hasa wale ambao wangetuonyesha.

Fikiria ukianza hivi. Riziki anatoka pangoni, kichwa kizito, bado hajajitambua. Kisimani kuna bibi anachota maji. Bibi anainua macho, anasema: "Binti, unatoka wapi peke yako asubuhi yote hii?" Na Riziki anageuka nyuma kumtafuta huyo binti.

Sentensi mbili tu. Mwalimu hatarudi nyuma tena, na mshtuko tutaupata pamoja na Riziki, si baada yake.

Kisha upande wa nyumbani, ambako umejinyima utajiri mkubwa. Umempa Riziki dada mkubwa mwenye watoto, na kaka mwenye mke mcheshi. Sura ya kwanza wale watoto wanamkimbilia wakiita "Mjomba!" Mke wa kaka anamtania kwa ushemeji, utani mzuri kabisa. Sasa akifika mlangoni akiwa mwanamke? Kwa watoto wa dada yake si mjomba tena, ni mama mdogo. Kwa watoto wa kaka alikuwa baba mdogo, leo ni shangazi. Kwa mke wa kaka, shemeji amegeuka wifi, na kila aliyekulia kwenye boma anajua kwamba utani wa shemeji na maneno ya wifi havipikwi chungu kimoja. Mtoto wa miaka minne akisimama mlangoni, akafumbua kinywa kuita, akakosa neno la kuita, hapo umeandika kitu ambacho msomaji hatakisahau. Katika kitabu chako, Riziki anabadilika kuwa mwanamume kabla ya kufika nyumbani. Hakuna hata mmoja wa hao anayemwona. Ni hasara kubwa, mwanangu, na nadhani wale waliojiona wametapeliwa walikuwa wanalidai tukio hilo la mlangoni, hata kama hawakuweza kulitaja.

Kubwa kuliko yote ni ng'ombe. Kijana ameondoka nyumbani kutafuta ng'ombe wa mahari, yaani anakwenda kuoa. Njiani anakuwa mtu wa kuolewa. Kitenzi kimoja, na tofauti yake ni silabi moja! Yule aliyekuwa akihesabu ng'ombe wa kutoa, sasa kuna wanaume watakaokaa chini ya mbuyu kumhesabia yeye wangapi wanamtosha. Na huenda wakataja 12. Katikati ya nchi hii, ambako ng'ombe na ndoa havitenganishwi, ni nani asingetaka kusoma kikao hicho, hasa akijua kwamba anayejadiliwa anaujua kila mzaha wa upande wa pili kwa sababu aliwahi kukaa upande huo? Mbegu umeipanda mwenyewe sura ya kwanza. Hukurudi shambani.

Hapa nataka kumtetea kidogo mzee wa mtaani, ingawa simkubalii. Anaposema umemdhalilisha shujaa kwa kumfanya mwanamke, hilo ni lake, na sikushauri ubadilishe neno hata moja kumridhisha. Lakini nilichukua penseli nikahesabu vitenzi. Sura ya tano, Riziki anafuata, anavuka, anarusha, anakamata. Sura ya tisa, Riziki anabebwa, anafichwa, anaokolewa, anapewa. Anaokolewa mara tatu katika sura moja! Shujaa wako alipobadilika jinsia, ulimbadilisha na nafasi katika sentensi: alikuwa mtenda, akawa mtendwa. Mzee ameona jambo la kweli akalipa jina lisilo lake. Na rafiki yako aliyechoka baada ya sura ya sita ameona jambo hilo hilo, kwa sababu safari haiendi pale mwenye safari anapobebwa. Pitia sura ya saba hadi ya kumi na mbili, kila penye "-wa" mwishoni mwa kitenzi cha Riziki jiulize kama yeye mwenyewe hawezi kulitenda. Nyingine utaziacha. Nyingi zitageuka.

Yule dada aliyekasirika ana haki yote. Mwili umebadilika usiku mmoja, sawa, hayo ndiyo maajabu tuliyokubaliana. Lakini ujuzi haulaliwi ukaamka nao. Kusuka hufundishwa, tena kwa miaka, na vidole huuma. Mtu aliyechunga tangu utotoni ana mikono ya kurusha fimbo, ana miluzi ya kuita ndama. Mpe ndoo ya maji na ngata, tumwone akilowa mgongo mzima mbele ya wasichana wa miaka minane wanaopita bila kushika ndoo. Mpeleke kwenye muheme. Hiyo ni ngoma ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, wakiibana katikati ya mapaja. Riziki ameisikia maisha yake yote akiwa pembeni. Siku ya kwanza anapoibana yeye, je, anajua aanzie wapi? Anajua mdundo kwa sikio na hajui kwa mkono. Ukiuandika ujinga huo kwa heshima, uanamke katika kitabu chako utakuwa kazi na maarifa, hautakuwa kanga ya kujifunga na kuvua. Na hayo machozi ya ovyo yafute yote. Acha moja tu, pale anapomkuta ndama aliyekufa, kwa sababu hapo hata Riziki wa sura ya kwanza angelia.

Nije kwenye pango na kwenye mwisho, maana ni kitu kimoja. Wasomaji wetu hawaogopi maajabu. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, ya 1952, aligeuza ndugu wawili kuwa manyani, na hakuna anayeuliza kama ilikuwa ndoto. Kwa nini? Kwa sababu kuna masharti: kosa linajulikana, aliyewageuza anajulikana, na kila usiku Adili lazima awachape. Sharti linarudi tena na tena mpaka msomaji analiamini kama anavyoamini kwamba kesho jua litachomoza. Ovid, mshairi wa Roma ya kale, alisimulia habari za Tiresias aliyewapiga nyoka wawili kwa fimbo akawa mwanamke. Akaishi hivyo miaka saba. Wa nane akawaona nyoka wale wale, akawapiga tena, akarudi. Mlango wa kuingilia ndio wa kutokea.

Pango lako halina sharti. Riziki analala tu. Na kurudi kwake hakuna sharti wala gharama: anavuka mto, maji yanampitia, basi. Kwa hiyo usiniulize arudi au asirudi kwa kupiga kura ya wasomaji. Tunga kwanza sharti la pango, mwisho utaujua. Kama pango linachukua kitu na kutoa kitu, alichukuliwa nini Riziki, na atakubali kukirudisha baada ya kujua anayoyajua? Inawezekana ajibu ndiyo. Inawezekana akatae. Vyovyote, ajibu yeye, mbele ya mlango, tukimwona.

Ile michoro ya miambani Kolo itumie mapema. Iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na wasomaji wako wengi wameisikia bila kuifikia. Ina watu warefu, wembamba, wa rangi nyekundu, ambao mara nyingi huwezi kusema huyu mume au mke. Katika sura ya pili, bibi yake Riziki amwonyeshe mmoja na kumuuliza, "Huyu unamwonaje?" Halafu aondoke bila kumpa jibu. Aliyenunua kitabu kwa ajili ya mshale na simba wa jaladani atakuwa ameonywa kwamba safari hii ina njia panda, na hatahisi amebadilishiwa basi katikati ya safari. Jalada nalo liangalie. Sitalisemea zaidi.

Usichape tena nakala 200. Andika upya sura ya sita, ya saba, ya nane na ile ya kurudi nyumbani, toa kopi tano, uwape watu watano ambao hawajawahi kukiona kitabu. Usikae nao, usiwaeleze nia yako. Waambie watie alama ya penseli pale watakaposimama, kwa furaha au kwa kukwama, bila maelezo. Alama tatu zikikutana ukurasa mmoja, hapo pana jambo. Alama ya mtu mmoja iheshimu, lakini usiikimbilie.

Anza na bibi wa kisimani. Ukishaandika ukurasa huo usiniletee mimi kwanza. Mpelekee yule dada aliyekasirika.