Karo Linalofurika Wakati wa Masika

SWALI: Nimejenga Kigamboni, mahali ambapo bomba la majitaka halijafika. Karo langu la chumba kimoja na shimo la kunyonyea lililo kando yake hayanisumbui wakati wa kiangazi, lakini kila masika maji hurudi hadi kwenye sakafu ya choo cha nje. Fundi ananishauri nichimbe shimo jingine, refu zaidi, mpaka nikute maji, kwa kuwa shimo la namna hiyo halijai. Jirani yangu ana kisima kiasi cha mita 12 kutoka hapo. Nifanye nini?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usilichimbe shimo hilo. Huenda lisijae upesi, lakini sababu ya kutojaa kwake ndiyo hatari yenyewe, kwani majitaka yatakuwa yakiingia moja kwa moja katika maji yaleyale anayoyateka jirani yako.

Wengi wetu huliona karo kama pipa la kuhifadhia, ilhali ukimwaga ndoo ya lita 20 chooni, lita 20 nyingine husukumwa kutoka upande wa pili kuelekea shimoni. Kazi ya karo ni kuyatuliza maji kwa siku moja au mbili, ili tope lizame, mafuta yaelee, na bakteria wasiohitaji hewa walioze tope hilo polepole. Maji yanayotoka hapo huonekana mepesi, lakini bado yaweza kubeba vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Kinachoyasafisha zaidi ni udongo mkavu ulio chini ya shimo, wenye hewa ndani yake. Masika maji ya ardhini yanapopanda na kuulowesha udongo huo, hakuna tena pa kunyonyea, hata karo lingekuwa na ukubwa wa chumba cha kulala.

Kabla ya kujenga lolote, chunguza mambo mawili. Kwanza, angalia kama maji ya mvua kutoka kwenye paa au uani yanaingia katika chemba. Kosa hili ni la kawaida mno, na kuliondoa pengine kutapunguza nusu ya adha yako. Pili, pima tope: chukua ufito mrefu, uviringishie kipande cha taulo nyeupe upande wa chini, uuteremshe taratibu mpaka sakafu ya karo, usubiri dakika chache, kisha uutoe. Sehemu iliyoshika weusi mzito ndiyo kina cha tope, na likifikia theluthi moja ya kina cha maji, ita gari la kunyonya majitaka, ambalo hupeleka mzigo huo kwenye mabwawa ya kuyatibia, kama yale ya Vingunguti. Usimruhusu mtu yeyote kuingia ndani ya karo, hata likiwa tupu, kwa maana hewa yake huua kabla mtu hajapiga kelele. Wala usishawishike kutapisha, yaani kulifungulia karo ili uchafu utoke nje, mvua inaponyesha. Uchafu huo huishia mlangoni kwa mwingine.

Ujenzi wenyewe usubiri kiangazi. Karo liwe na vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili za ujazo, na kuta zipigwe plasta isiyopitisha maji. Kwa familia ya watu sita, mita 3 za ujazo zinatosha. Badala ya shimo refu, tandaza maji kwenye mitaro isiyo na kina kirefu, yenye mabomba yaliyotobolewa na kuzungukwa na kokoto, umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote. Chini ya mtaro kubaki angalau mita 1.5 za udongo mkavu, hata katikati ya masika. Ikiwa kina hicho hakipatikani, mitaro ijengwe juu ya tuta la mchanga. Na kiwanja kikiwa kidogo mno kwa yote hayo, lililobaki ni karo lisilovuja kabisa, la kunyonywa mara kwa mara, ingawa gharama yake najua ni nzito.

Jirani naye mwambie leo. Kuchemsha maji ya kisima kutaua vimelea, lakini hakuondoi naitreti, kemikali itokayo kwenye majitaka na iliyo hatari kwa watoto wachanga, kwa hiyo kama kwake yupo mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, maji ya kukorogea yatoke mahali pengine.