Kabla Hujaacha Kazi kwa Sababu ya Tuzo

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwalimu wa sekondari, aliniandikia kwamba mswada wake wa mashairi umeingia katika orodha ya mwisho ya tuzo, na kwamba anafikiria kuacha kazi ili awe mwandishi kamili. Nilimjibu kwa neno moja: usithubutu. Hapa nitaeleza kwa kirefu.

Diwani yangu ilishinda nikiwa karani wa masijala katika ofisi ya mawakili, na sioni haya kusema kuwa ilistahili, kwani niliisuka kwa miaka 6, nikihesabu mizani kwa vidole chini ya meza huku wateja wakisubiri majalada yao. Hundi ilizidi mshahara wangu wa mwaka mzima. Niliacha kazi mwezi uleule. Fedha ziliishia kwenye paa la nyumba ya mama, ada za wadogo zangu na michango ya harusi za watu ambao hawakunijua kabla picha yangu haijatoka gazetini. Mchapishaji, ambaye simtaji, aliniahidi mirabaha, yaani mgawo wa mwandishi katika mauzo ya kitabu, ya asilimia 10. Mwaka wa kwanza nililetewa taarifa ya nakala 43, na nilipodai hesabu kamili simu zangu zikawa hazipokelewi. Nimesamehe, ingawa karatasi ile bado ninayo.

Nikahamia riwaya, nikiamini kwamba aliyeumudu ushairi hawezi kushindwa na nathari. Mhariri aliirudisha sura ya kwanza akiwa ameandika pembeni kwa penseli: “Huyu muuza samaki mbona anaongea kwa vina?” Alisema kweli. Ushairi wa kimapokeo hudai utoshelezi, yaani kila ubeti ujikamilishe, nami nilikuwa nikifunga kila aya kama kibwagizo, msomaji asibaki na sababu ya kufunua ukurasa. Niliiandika upya mara 4, saa 10 alfajiri, kabla ya kuwahi daladala ya kwenda kazini. Ndiyo iliyoshinda mwaka jana.

Naam, nilikuwa nimerudi kazini. Shaaban Robert mwenyewe aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea na utumishi wa serikali huku akitunga mashairi na nathari tunazofundishia hadi leo; wewe na mimi ni nani tuone ajira inatuchafulia kalamu? Shika kazi, ndugu yangu, na usome mkataba kabla ya kutia saini, hasa kipengele cha mirabaha. Ukishausoma, usome tena.

Ukiandika barua ya kuacha kazi, jiandae kuandika na ya kuomba kurudi. Yangu niliirudia mara nyingi kuliko sura yoyote ya riwaya, na nilipokelewa kwa mshahara pungufu.