Jibu: Una milioni 60, Zambia ununue shaba, duara au zumaridi?

Mkuu, umesema una shilingi milioni 60 na leseni ya broka (dalali wa madini) hapa Arusha, na kuna mtu anakuvuta Zambia kwa shaba au kwa duara, yaani shimo la kuchimba, la zumaridi huko Lufwanyama. Tuanze na shaba ili tuiweke pembeni.

Ni kweli Zambia ni ya pili Afrika kwa shaba baada ya Kongo, lakini migodi kama Kansanshi na Lumwana ni saizi ya makampuni. Chukua bei ya dola 9,000 kwa tani: lori la tani 30 za shaba iliyosafishwa ni dola 270,000. Hela yako haifiki tani tatu. Ukikimbilia mawe ghafi yenye shaba asilimia 3, lori hilohilo lina kilo 900 tu za shaba, yaani dola 8,100, na hapo hujalipa usafiri, maabara, mrabaha (malipo ya serikali kwa madini) wala makato ya kinu cha kuyeyushia, maana kinu hakikulipi shaba yote iliyomo. Na huyo anayekupigia kuwa ana shaba safi kwa asilimia 30 chini ya bei ya London, yaani bei ya soko la metali la dunia, ni tapeli. Bei ya London kila mtu anaiona. Mwenye mzigo halali hana sababu ya kukutafuta wewe.

Duara nalo liache. Sheria yao ya madini ya 2015 iliweka uchimbaji wa mikono kwa raia tu, na uchimbaji mdogo kwa raia na kampuni zenye hisa zao. Mgeni huingia kwa mgongo wa leseni ya mwenyeji, mara nyingi kwa maneno ya mdomo, na jiwe likitoka maneno hayo hayana shahidi. Zaidi ya hapo, zumaridi ya Kafubu, eneo la migodi huko Lufwanyama, hukaa kwenye mpaka ambapo pegmataiti (mwamba wa chembe kubwa) imekutana na mwamba wa taliki, ndani ya maika nyeusi, madini ya vipande vyembamba vinavyomeremeta. Inapatikana kwa mikusanyiko midogo ya hapa na pale mwambani. Unaweza kulisha watu na pampu miezi mingi ukatoa maika.

Kilichobaki ni kununua jiwe, na hapa ndipo mazoea ya Mirerani yanapoua mtaji. Tanzanaiti unaichoma, kahawia inageuka bluu, unapata faida. Zumaridi haichomwi! Karibu kila jiwe lina nyufa, na nyufa hizo hujazwa mafuta. Ukilipasha moto mafuta yanatoka na ufa unafunguka. Mashine ya kuosha kwa mawimbi ya sauti nayo usiitumie.

Rafu, yaani jiwe ghafi lisilokatwa, mara nyingi utaoneshwa ikiwa na mafuta au imeloweshwa maji. Futa kwa asetoni, acha ikauke, ndipo uangalie kwa lupu ya 10x (lenzi ya kukuza mara kumi) na tochi. Rangi mara nyingi iko kwenye ganda la kristali na kiini kimepauka: fundi akiondoa ganda, unabaki na kijani cha maji. Litazame jiwe kupitia ncha zake mbili, si ubavuni tu. Vidoadoa vyeusi vya maika ni kawaida ya Zambia na havithibitishi ubora wala ubaya, ila vikiwa katikati vinakula uzito kwenye kukata.

Ile chujio ya Chelsea, kioo cha rangi cha kupimia mawe ambacho zumaridi nyingi huonekana nyekundu ukizitazama kupitia hicho, wengi wanaiamini kupita kiasi. Zumaridi ya Zambia ina chuma, hivyo mara nyingi haigeuki nyekundu hata ikiwa halisi. Bora mizani ya desimali mbili. Pima jiwe kavu lisilo na mwamba, kisha lining'inize kwenye mizani kwa uzi likiwa ndani ya maji, lisiguse chombo. Zumaridi ya gramu 10 itasoma karibu 6.35, floraiti ya kijani (jiwe jingine linalofanana nayo) ya uzito huohuo karibu 6.85. Kwatzi iliyotiwa rangi inasoma 6.23, karibu mno, kwa hiyo hapo tafuta rangi iliyojikusanya kwenye nyufa. Kioo kina viputo vya duara.

Karatasi: nunua kwa mwenye leseni ya kuchimba au kibali cha biashara ya madini, upate ankara, uthamini wa serikali, risiti ya mrabaha (vito ni asilimia 6) na kibali cha kusafirisha nje. Sera zao hubadilika ghafla. Ushuru wa asilimia 15 kwa vito vinavyotoka ulirudishwa Januari 2025, ukasimamishwa tena Machi, kwa hiyo uliza wiki hiyohiyo unayosafiri. Upande wetu leseni ya broka haikuruhusu kuingiza madini. Nenda Tume ya Madini kabla ya safari, au shirikiana na mwenye leseni ya dila (mfanyabiashara mkubwa wa madini). Tunduma utangaze mzigo. Zumaridi isiyo na karatasi ukikamatwa nayo sokoni ni ya magendo, hata kama uliinunua kihalali Kitwe.

Safari ya kwanza usipeleke zaidi ya theluthi ya mtaji, na usinunue fungu zima kwa sababu ya mawe mawili mazuri yaliyowekwa juu. Muuzaji akikataa usichague, toa bei ya fungu ukihesabu mawe ya chini peke yake. Na kabla hujaondoka Arusha, panga na fundi aliyewahi kukata zumaridi, si tanzanaiti pekee, akwambie rafu ya namna gani anaweza kuitoa bila kuipasua. Akisema hawezi, uza rafu kama ilivyo kwa wanaonunua kwa ajili ya Jaipur, mji wa India unaokata vito.